Mwepu Ilunga: Chui wa Lubumbashi ambaye dunia ilimcheka bila kumuuliza sababu

BUKAVU – Kijana wa Nguba akiandika jina la Mwepu Ilunga kwenye simu yake, kitu cha kwanza atakachokipata ni video ya sekunde chache tu. Brazil imepewa mpira wa adhabu, ule ambao wapenzi wa mpira wa Bukavu wanauita coup franc. Wachezaji wa Zaire wamejipanga ukuta. Mwamuzi anapuliza filimbi. Kabla Rivelino hajagusa mpira, mchezaji wa Zaire mwenye namba 2 mgongoni anachomoka kwenye ukuta, anakimbia mpaka kwenye mpira na kuupiga kwa nguvu zake zote, mbali kabisa.

Wabrazil wanabaki wameduwaa. Mwamuzi Nicolae Rainea, kutoka Romania, anatoa kadi ya njano. Mwepu anainama mbele yake kama mtu anayetoa heshima kwa mkubwa.

Hiyo ilikuwa tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Tangu siku hiyo video hiyo imezunguka dunia mara nyingi zaidi kuliko bao lolote ambalo mchezaji wa Kongo amewahi kufunga. Kila Kombe la Dunia linapokaribia, inarudishwa kwenye televisheni ili watu wacheke. Mtangazaji mmoja wa Uingereza aliuita mchezo huo ujinga wa Kiafrika. Watu wakaamini kwamba Wazaire walienda Kombe la Dunia bila kujua sheria za mpira.

Mwepu alizijua vizuri. Miaka mingi baadaye alieleza mwenyewe kwa nini alikimbia. Lakini wakati huo kicheko kilikuwa kimeshakuwa kikubwa kuliko sauti yake.

Mtoto wa ukoloni, kijana wa vita

Joseph Mwepu Ilunga alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949, Wabelgiji wakiwa bado wanaitawala Kongo. Alikuwa na miaka 10 wakati nchi ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 tu baadaye, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Elisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi, ukawa mji mkuu wa nchi isiyotambuliwa na yeyote. Askari wa kukodiwa walimiminika, majeshi ya Umoja wa Mataifa yakapigana mitaani, na kujitenga kukamalizika Januari 1963.

Klabu iliyolibeba jina la Mwepu ilikuwa ya mji huo: TP Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe. Ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, na jina la Englebert lilitoka kwa kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza matairi. Herufi za TP ni Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, sifa ambayo klabu ilijipa baada ya kumaliza msimu wa 1966 bila kufungwa.

Wazee wa Bukavu wana sababu yao ya kuukumbuka mwaka uliofuata. Agosti 1967, askari wa kukodiwa wa Mbelgiji Jean Schramme waliuteka mji wa Bukavu, na waliushikilia mpaka mwanzoni mwa Novemba, jeshi la taifa lilipowafukuza wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Mwezi huohuo wa Novemba, Englebert ilicheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi mbili ziliisha sare. Kotoko haikufika kwenye mechi ya kuamua, na kombe likaenda Lubumbashi. Mwaka 1968 Englebert ilichukua kombe tena, ikawa klabu ya kwanza Afrika kulitetea taji hilo. Ilifika fainali pia mwaka 1969 na 1970.

Katika nchi ambayo vita vilikuwa vinazimika upande mmoja na kuwaka upande mwingine, mpira ulikuwa kitu kimoja ambacho watu wa Lubumbashi, Kinshasa na Bukavu waliweza kukishangilia pamoja. Mobutu, aliyechukua madaraka Novemba 1965, aliliona hilo mapema kuliko wengi.

Chui wa Mobutu

Timu ya taifa ilishinda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1968, mjini Addis Ababa, kwa kuifunga Ghana 1-0. Mobutu, ambaye alama yake ilikuwa kofia ya ngozi ya chui, aliwafanya wachezaji kuwa Chui. Mpira ukawa sehemu ya siasa yake. Wachezaji walizuiwa kwenda kucheza kwa malipo nje ya nchi, ili nguvu zao zibaki kwa taifa.

Oktoba 1971 Kongo ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 kila raia akatakiwa kuacha jina la Kikristo. Joseph akabaki Mwepu Ilunga, na ndivyo dunia ilivyomfahamu.

Alikuwa beki wa kulia. Kazi ya beki kwa kawaida haina nyimbo: akikaba vizuri, anayetajwa ni mshambuliaji aliyefunga upande wa pili. Lakini kikosi kile kilikuwa imara kila upande. Golini alikuwepo Kazadi Mwamba, naye mchezaji wa Lubumbashi. Mbele alikuwepo Ndaye Mulamba, mtoto wa Kasai aliyeichezea Vita Club ya Kinshasa. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, golikipa wa zamani wa Yugoslavia, ambaye mwaka 1970 alikuwa ameipeleka Morocco kwenye Kombe la Dunia.

Desemba 1973, mjini Kinshasa, Zaire iliifunga Morocco 3-0 na kupata tiketi ya Kombe la Dunia. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Machi 1974 ilienda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika nusu fainali, mbele ya wenyeji mjini Cairo, ilifungwa mabao mawili, ikarudisha yote na kushinda 3-2. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya fainali hizo mbili yalikuwa ya Ndaye. Katika mashindano hayo alifunga mabao 9, idadi ambayo mchezaji mwingine hajawahi kuifikia katika Kombe moja la Mataifa ya Afrika.

Mobutu aliwapokea kama wafalme. Kila mchezaji alipewa nyumba na gari. Kwa Mwepu na wenzake, hapo ndipo maisha yalipoonekana kufunguka.

Siku nane Ujerumani

Mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia ilichezwa Dortmund tarehe 14 Juni. Scotland ilishinda 2-0. Zaire haikuaibika: ilipiga mpira wake, ilikimbia, na wengi waliokuja kutazama waliondoka wakiisifu.

Shida ilianza hotelini. Wachezaji walikuwa wakisubiri pesa walizoahidiwa. Wakubwa wengi wa serikali na wa mpira walikuwa wamesafiri pamoja na timu, na kadiri siku zilivyopita wachezaji walielewa kwamba pesa zimeishia mikononi mwa watu hao. Mwepu alieleza baadaye kwamba kabla ya mechi ya Yugoslavia waliambiwa wazi hawatalipwa, nao wakasema hawachezi. Walibembelezwa mpaka wakakubali kuingia uwanjani. Miili iliingia, lakini mioyo ilibaki hotelini.

Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia ilifunga mabao matatu kabla ya dakika ya 20. Kazadi alitolewa golini, akaingia Tubilandu Ndimbi, aliyekuwa mfupi zaidi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuutoa mpira wavuni. Watu walimshuku Vidinić kwa sababu alikuwa Myugoslavia. Yeye alisema amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mwakilishi wa serikali.

Katika vurugu za bao hilo la nne, mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga teke mwamuzi Omar Delgado wa Colombia. Delgado aligeuka na kumtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu. Ndaye alilia na kukana, lakini hakusikilizwa. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu, na baadaye Mwepu mwenyewe alikubali hivyo. Kwa hiyo mfungaji bora wa Afrika alifukuzwa uwanjani kwa kosa la mwenzake, kwa sababu mwamuzi hakuweza kuwatofautisha. Zaire ilifungwa 9-0.

Baada ya mechi hiyo, alisimulia Mwepu, walinzi wa rais walifika hotelini. Waandishi wa habari walifungiwa nje. Wachezaji waliambiwa kwamba Brazil ikiwafunga mabao manne au zaidi, wasifikirie kurudi nyumbani.

Raia yeyote wa Zaire aliyesikia maneno kama hayo mwaka 1974 alijua hayakuwa mzaha. Mwaka 1966, wanasiasa wanne walioshtakiwa kwa kupanga njama dhidi ya Mobutu walikuwa wamenyongwa hadharani Kinshasa, mbele ya umati wa watu. Na wachezaji hao walikuwa na wazazi, wake na watoto nyumbani.

Mabao matatu, si manne

Brazil ilikuwa bingwa wa dunia, lakini ilikuwa imetoka sare mechi zake mbili bila kufunga bao. Ili ipite mbele ya Scotland, ilihitaji kuifunga Zaire mabao matatu. Zaire, kwa upande wake, ilihitaji kutofungwa manne. Mstari huo mwembamba, kati ya tatu na nne, ndio uliokuwa unachezewa siku ile.

Jairzinho alifunga, Rivelino akafunga, na dakika ya 79 Valdomiro alipiga shuti ambalo lilimponyoka Kazadi. Brazil ilikuwa imepata ilichotaka. Chui walikuwa wamebakiza bao moja tu kabla ya kile walichotishiwa.

Ni katika dakika hizo za mwisho za mechi ndipo Mwepu alipochomoka ukutani.

Miaka iliyofuata alipoulizwa, alitoa sababu zaidi ya moja. Alipohojiwa na BBC, alisema alifanya kwa makusudi: hakuona kwa nini aendelee kuumia uwanjani wakati waliokula pesa zao wamekaa jukwaani wakitazama. Alisema alizijua sheria, alitafuta kadi nyekundu, na mwamuzi akamhurumia kwa kadi ya njano. Mara nyingine alizungumzia zaidi vitisho na hofu ya bao la nne.

Wapo wanaosema kwamba maelezo mawili ni dalili ya mtu anayejitetea baada ya aibu. Lakini mtu anayetishwa na watu walewale waliomnyima malipo hana haja ya kuchagua kati ya hasira na hofu. Anazo zote mbili kwa wakati mmoja. Na kisingizio cha kutojua sheria hakina miguu ya kusimamia: beki wa timu bingwa ya Afrika alikuwa amesimama kwenye ukuta wa mpira wa adhabu mara zisizohesabika. Katika ukuta ule ule, wenzake wote walibaki walipo. Aliyekimbia ni mmoja tu.

Mechi iliisha 3-0. Zaire ilirudi nyumbani bila pointi hata moja, bila bao hata moja, na mabao 14 yamefungwa golini mwake.

Kurudi nyumbani

Oktoba mwaka huohuo, Mobutu alileta Kinshasa pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Macho ya rais na pesa za taifa vilikuwa vimehamia kwingine. Zaire ilijitoa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 1978. Chui waliosimama juu ya magari wakipungiwa mikono mwezi Machi walikuwa sasa watu ambao wakubwa hawakutaka kukutana nao.

Mwepu hakupata nafasi ya kucheza Ulaya. Alipozungumza na BBC alikuwa akiishi kwa shida, na hakuficha uchungu wake. Alisema kama angejua mpira utamfikisha wapi, angechagua kulima shamba. Katika nchi ambayo mtoto anayeenda shamba anaonekana hana bahati, na anayepiga mpira anaonekana ameokoka, hayo ni maneno mazito.

Ndaye, aliyebeba kadi nyekundu ya Mwepu, hakuwa na njia nyepesi zaidi. Mwaka 1994 aliheshimiwa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia. Aliporudi Kinshasa, watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kama wakimbizi wengi wa Kongo wanavyoishi, kwa vibarua vya hapa na pale. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Burkina Faso, watu walisimama dakika moja kimya kumkumbuka, kwa sababu habari za uongo zilikuwa zimesema amekufa. Alikuwa hai Cape Town. Alifariki kweli Januari 2019, hukohuko Afrika Kusini.

Mwepu alifariki tarehe 8 Mei 2015 mjini Kinshasa, akiwa na miaka 65. Magazeti mengi ya nje yaliandika habari ya kifo chake, na karibu yote yalianza na mpira ule wa adhabu. Safari hii, angalau, mengi yalieleza pia sababu.

Ishara ambayo Bukavu iliielewa

Nusu karne baada ya Gelsenkirchen, Chui walizungumza tena kwa mwili. Tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wimbo wa taifa ulipoanza, wachezaji wa Kongo walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono wa pili kwenye kichwa, kama bunduki. Wakati huo mapigano yalikuwa yanaendelea karibu na Sake, kilomita chache kutoka Goma, na familia zilikuwa zinajaa kambini. Siku zilizotangulia, mshambuliaji Cédric Bakambu alikuwa ameandika kwenye mtandao akiuliza kwa nini dunia inaangalia mpira na haiangalii mauaji ya mashariki.

Kongo ilifungwa 1-0. Lakini picha ile ilifika kila mahali. Nguba, Kadutu, Bagira na Goma watu hawakuhitaji kuelezwa. Waliona wachezaji wakisema kwamba watu wanauawa na midomo imefungwa. Hakuna mtangazaji aliyeita kitendo hicho ujinga.

Tofauti kati ya Abidjan na Gelsenkirchen haiko kwenye ujasiri. Mwaka 2024 wachezaji walikuwa wamepanga pamoja, wana simu mikononi, wana klabu zao Ulaya, na siku ileile waliweza kueleza walichomaanisha. Mwaka 1974 Mwepu alikuwa peke yake. Waandishi wa habari walikuwa wamefungiwa nje ya hoteli, na walioweza kusema kwa niaba yake ndio hao hao waliomtisha. Alichobaki nacho kilikuwa miguu yake na dakika chache za mchezo.

Siku hizi, Jumapili OC Muungano au Bukavu Dawa inapocheza kwenye uwanja wa la Concorde huko Kadutu, kuna watoto pembeni wanaopiga mpira wa vitambaa na kila mmoja amejipa jina la nyota fulani. Hakuna anayejiita Mwepu. Jina lake limebaki kwenye video ya kuchekesha.

Lakini video hiyo ikiangaliwa tena, taratibu, inaonyesha kitu kingine. Inaonyesha kijana wa miaka 24 kutoka Lubumbashi, bingwa wa Afrika, ambaye hajalipwa, ambaye ametishwa, na ambaye hajui kama atamuona tena mama yake. Amesikia filimbi. Anajua hasa sheria inasema nini. Na anakimbia.